Swali Lililohama

Ripoti ya fundi Waya ilikuwa na aya moja tu, na aya hiyo moja ilitosha kumfunga binti wa watu maisha.

Inspekta Tochi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Jina la Tochi alipewa na askari wenzake enzi za ukoplo, kwa ajili ya tabia yake ya kumulika pembe ambazo wengine walishazipita, na aliacha zamani kulikataa. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ya kusomea inaning'inia kifuani kwa uzi, na subira yake ilikuwa nyingi kwa watu wote isipokuwa wale wanaoandika ripoti fupi.

Ripoti ilisema kwamba laptopu iliyochukuliwa nyumbani kwa marehemu ina vivinjari viwili vya intaneti, kimoja cha bluu, kingine cha kijani. Vyote vimejengwa juu ya injini moja, kwa hiyo havina tofauti ya maana. Cha bluu kilifutwa historia yake yote, na tangu hapo hakina kitu ila wimbo mmoja tu. Katika cha kijani, ambacho ndicho anachotumia mtuhumiwa, limekutwa swali: vidonge vingapi vya dawa ya maumivu vinaweza kumuua mgonjwa. Mara baada ya swali hilo ulifunguliwa ukurasa unaoonya kwamba dawa hiyo ikikutana na dawa ya usingizi, mgonjwa anaweza kuacha kupumua.

Na mgonjwa aliacha kupumua. Alikuwa bibi mjane, aliyelala kitandani tangu alipovunjika nyonga. Daktari aliyeupima mwili alikuta dawa zote mbili, na hakuna hata moja iliyozidi kipimo. Zilikutana, basi. Aliyempa ni binti yake wa mwisho, ndiye aliyekuwa akimuuguza, na hakukana kumpa. Kesi nzima ikawa imekalia jambo moja: binti huyo aliusoma ule ukurasa au hakuusoma? Kama aliusoma, ni muuaji. Kama hakuusoma, ni mtoto aliyefiwa na mama yake, na polisi walimweka mahabusu mpaka mazishi yakampita.

“Waya!”

Fundi wa kompyuta wa kituo alichungulia mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

“Hapa umeandika havina tofauti ya maana. Umevilinganisha?”

“Afande, hakuna cha kulinganisha. Ile injini ni ya chanzo huria. Iko wazi, kampuni yoyote inaichukua bure, inaivisha nguo zake, inabandika nembo, inatangaza kwamba hiki ni kivinjari changu. Ukivivua, ndani ni walewale. Watoto wa tumbo moja.”

“Kwetu tumetoka sita tumbo moja, na hakuna wawili wanaokubaliana hata namna ya kuchemsha yai.” Tochi aliinuka. “Mkuu anataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo hii. Iandae hiyo laptopu, na uniandalie kompyuta nyingine ambayo haijawahi kutumiwa na mtu. Nikitoka kwa yule binti nataka kuona hawa ndugu wanaachana wapi.”

Waya aliitazama chai yake, akaona haitanyweka ikiwa moto.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni kwa skrubu na dirisha lililowekwa juu mno kwa mtu kuchungulia. Binti alikuwa ameketi amejifunika shuka la kijivu la mahabusu. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mziwanda, na kwa umri wake wa kuwa na mvi mbili tatu bado jina hilo lilikuwa halijamtoka. Alipomwona inspekta hakuuliza habari za kesi.

“Walimzika karibu na baba?”

Tochi alikuwa amekwenda mazishini jana yake, akasimama nyuma kabisa kama afanyavyo kila apatapo kesi yenye msiba. “Ubavuni kwake. Upande wa kushoto.”

“Alitaka kulia.” Kitinda alijifuta pua kwa upindo wa shuka. “Basi. Wasingejua. Aliniambia mimi tu.”

Tochi alivuta kiti akakaa. Alikuwa ameshahoji wezi, matapeli na wauaji wa kweli kwenye meza hiyo, na hakukumbuka kama aliwahi kuona aibu mbele yao. Safari hii aliona.

“Nataka tuzungumze kuhusu laptopu,” alisema. “Ilikuwa ya nani?”

“Ya mama. Kaka Mkubwa alimletea siku alipotoka hospitali, awe anasikiliza nyimbo zake za zamani.”

“Aliweza kuitumia mwenyewe?”

Swali hilo Tochi aliliuliza kwa hadhari, maana tangu asubuhi lilikuwa likimzunguka kichwani: huenda bibi mwenyewe, kwa kuchoshwa na maumivu, ndiye aliyeuliza habari za vidonge. Kitinda alitikisa kichwa.

“Macho yalikuwa na mtoto wa jicho yote mawili. Hata saa ya ukutani alikuwa ananiuliza mimi. Nilikuwa namfungulia wimbo, unaimba mchana kutwa, huohuo mmoja, ukiisha unarudi. Naujua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi.”

“Kwenye kivinjari kipi?”

“Kile cha bluu, kilichokuja na laptopu. Cha kijani ni changu. Kaka aliniwekea siku moja alipokuja kutuona. Alisema hakina matangazo na hakili bando, nikitumie kwa masomo yangu. Nasoma lugha ya alama.” Aliinua mikono kidogo kana kwamba angeonyesha, akairudisha chini ya shuka. “Niliichagua kwa sababu haina sauti. Mama akilala simsumbui.”

“Kabla hajakuwekea, ulikuwa unatafutia mambo yako wapi?”

“Kwenye simu. Laptopu niliigusa kwa wimbo tu. Wageni ndio waliokuwa wanakaa nayo, kila aliyekuja kumwangalia mama alikuwa anaichukua anajishughulisha nayo pale kitandani.”

“Wageni gani?”

“Kaka. Muuguzi anayekuja kumgeuza na kumsafisha. Hao tu. Sisi hatuna ndugu wengi wa kuja.”

“Kaka yako anasema ulimpigia simu ukamwambia umechoka.”

“Nilimwambia. Nani anauguza asichoke? Mgongo ulikuwa unaniuma, sikuwa nimelala, nikampigia kaka yangu nikamwambia nimechoka. Nilitaka aniambie pole. Akanyamaza, afande. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa analiweka hilo neno, aje kulitoa kwenu.”

“Na dawa ya usingizi ilitoka wapi?”

“Ni ya mama mwenyewe, ya tangu baba alipofariki. Hospitali hawakutuuliza, na sisi hatukusema. Mama alikuwa analilia usingizi kama mtoto. Nikakumbuka ile chupa, nikampa kidonge kimoja. Alinishukuru. Akaniambia, leo nitalala, mwanangu, na wewe kalale.”

Machozi yalimtoka bila sauti, na yeye hakuyafuta. Tochi alimwacha alie mpaka alipopata kauli.

“Ule ukurasa unaoonya, uliuona?”

“Unaonya nini, afande?”

Tochi aliona si wakati wa kumweleza, akainuka. Alirudi kwa Waya haraka kuliko alivyotoka.

Kompyuta mbili zilikuwa zimekaa ubavu kwa ubavu mezani, ile laptopu ya marehemu na nyingine ya ofisini iliyotolewa kwenye boksi lake. Tochi alivaa miwani.

“Nielezee. Kipi wanachangia, kipi kila mmoja anacho peke yake?”

“Injini ndiyo inayochora ukurasa,” Waya alisema. “Ukifungua gazeti kwenye cha bluu na kwenye cha kijani utaona gazeti lilelile, herufi zilezile. Namna ya kuhifadhi historia ni moja pia, hata faili la kumbukumbu lina muundo mmoja. Vilivyoongezwa na wenye kampuni ni vitu vya juu. Cha kijani kinazuia matangazo, kinazuia wanaokufuatilia. Cha bluu kinapenda kukukumbusha ujiandikishe. Rangi, vitufe, maneno ya kukukaribisha.”

“Nionyeshe historia ya cha kijani. Yote, kwa mfuatano wa siku, usichuje neno.”

Waya alibonyeza. Orodha ndefu ikashuka: siku na saa, jina la ukurasa, na pembeni kabisa, kwa kuwa Waya alikuwa amelifungua faili lenyewe la kumbukumbu, muda ambao ukurasa ulikaa wazi. Tochi alianza chini, kwenye mambo ya karibuni. Somo la lugha ya alama, robo saa. Somo jingine, nusu saa. Namna ya kuzuia vidonda vya mgongo kwa mgonjwa wa kitandani, dakika kadhaa. Alizidi kupanda, polepole, kidole chake kikigusa kioo na kuacha alama ambayo Waya aliivumilia.

Mahali fulani kidole kilisimama.

“Hapa kuna sifuri.”

“Ukurasa ulifunguliwa ukafungwa hapohapo. Inatokea.”

“Na hapa juu yake?”

“Sifuri.”

“Na hapa? Huu ni wimbo, Waya. Huu ndio ule wimbo wa bibi. Binti anasema ulikuwa unaimba mchana kutwa.” Tochi aliendelea kupanda. “Sifuri. Wimbo tena, sifuri. Wimbo, sifuri. Bibi wa watu alikuwa anasikiliza wimbo kwa sifuri?”

Waya aliinama mbele. Kuanzia siku moja kwenda chini, kila ukurasa ulikuwa na muda wake. Kuanzia siku hiyohiyo kwenda juu, hakukuwa na ukurasa hata mmoja wenye muda, na kurasa zenyewe zilikuwa tele. Lile swali la vidonge na ule ukurasa wa onyo vilikuwa huko juu, kwenye sifuri.

“Tena huu wimbo haukuchezwa kwenye cha kijani,” Tochi alisema. “Ulichezwa kwenye cha bluu. Unafanya nini humu?”

“Afande, ngoja.” Waya alikuwa ameshaisahau chai. “Ngoja kwanza.”

“Usiniambie ningoje. Nifanyie kwenye hii mpya. Kuna cha bluu humu?”

Kilikuwepo. Tochi mwenyewe aliandika kwa vidole viwili: kwa nini paka hulala mchana. Akafungua ukurasa wa kwanza uliotokea, akauacha wazi, akamtaka Waya amalizie chai yake huku yeye akisoma habari za paka. Kisha wakapakua kivinjari cha kijani na kukiweka. Kilipofunguka kwa mara ya kwanza kilitoa salamu, na chini ya salamu kikauliza: tukuletee vitu vyako kutoka kwenye kivinjari chako cha zamani? Kitufe cha Ndiyo kilikuwa kikubwa, kimekolezwa rangi. Cha Hapana kilikuwa maandishi madogo ya kijivu pembeni.

“Watu wengi wanabonyeza kipi?” Tochi aliuliza.

“Kikubwa. Hata mimi.”

“Bonyeza.”

Walifungua historia ya cha kijani, kivinjari ambacho hakijatafuta kitu chochote tangu kizaliwe. Paka alikuwemo. Siku yake na saa yake vilikuwa vilevile vya kwenye cha bluu, kana kwamba swali limeulizwa humohumo. Kwenye safu ya muda palikuwa na sifuri.

Waya aliweka mikono kichwani.

“Swali limehama,” alisema, “ila muda wa kusoma haukuhama nalo. Na linahama kirahisi hivi kwa sababu injini ni moja. Ni kama makabati mawili ya fundi mmoja, droo ya hili inaingia kwenye lile bila kupigwa randa. Mimi nimeandika havina tofauti kwa sababu vinafanana.”

“Na kufanana kwao ndiko kulikotudanganya.” Tochi hakumkaripia. Alikuwa na haraka. “Sasa, hili swali liliulizwa kwenye cha bluu kabla cha kijani hakijawekwa. Muuguzi au kaka. Nisomee vilivyolizunguka.”

Waya alisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti yake ilipungua. Kabla ya swali, barua pepe ya kampuni ya lifti. Kanuni mpya za breki za lifti. Barua pepe ileile tena. Kisha swali la vidonge. Kisha ukurasa wa onyo. Kisha: mto wa kumwekea mgonjwa wa nyonga, unapatikana wapi.

“Sio muuguzi,” alisema Waya.

Tochi alifungua jalada na kuitoa picha aliyoileta Kaka Mkubwa siku alipokuja kumshitaki mdogo wake. Aliipiga kwa simu, kioo cha laptopu, kivinjari cha kijani. Juu ya kioo, katika kisanduku cha kutafutia ndani ya historia, palikuwa na neno moja aliloliandika mwenyewe: vidonge. Alikuwa ameichuja orodha. Mstari mmoja ulimjia peke yake, umeachwa bila majirani wake, na yeye akaukimbiza polisi.

“Hajui,” Tochi alisema. “Huyu bwana hajui kabisa.”

Kaka Mkubwa alikuwa mkaguzi wa lifti, na alikuwa amerudi kazini siku moja tu baada ya mazishi. Walimwelekeza Tochi juu kabisa ya jengo la ofisi, akapanda ngazi za mwisho kwa miguu mpaka kwenye chumba cha mitambo. Palikuwa na joto, harufu ya grisi, na gurudumu kubwa la chuma lililokuwa likizunguka na kusimama, likizunguka na kusimama, kila watu wa chini walipobonyeza vitufe vyao. Mkaguzi alikuwa amepiga magoti akimulika nyaya kwa taa ya kichwani. Ukutani kulikuwa na maonyo mekundu kila upande.

“Pole kwa msiba,” alisema Tochi.

“Nimeshapoa.” Hakuonekana kama mtu aliyepoa. Alizima taa. “Nyumbani sikaliki. Kila mtu ananiuliza yuko wapi Kitinda. Jalada limeshakwenda?”

“Bado. Nina maswali mawili. Kivinjari cha kijani uliweka wewe?”

“Mimi. Cha bluu kilikuwa kinamsumbua kwa matangazo. Nikaweka kile, nikasafisha cha bluu ili laptopu iwe nyepesi. Ilikuwa imeanza kukwama, wimbo wa mama unakatikakatika.”

“Ulipokiweka, kilikuuliza kama kikuletee vitu vya zamani?”

Alifikiri. “Vinauliza vyote. Nilibonyeza tu tuendelee.”

Tochi alimpa karatasi. Haikuwa na maelezo yoyote, ilikuwa sehemu ile ya orodha iliyochapwa kama ilivyo, bila kuchujwa. Mkaguzi aliisogeza kwenye mwanga wa kidirisha. Alianza juu, kama mtu aliyezoea kusoma kanuni, mstari kwa mstari.

“Hii ni barua pepe yangu ya kazini,” alisema. “Hizi breki ni zangu. Kwa nini mambo yangu yako kwenye…”

Gurudumu lilizunguka, likasimama. Alisoma mstari uliofuata, na uliofuata, na ule wa mto. Kisha akakaa chini sakafuni palepale kwenye grisi, na taa yake ya kichwani ikadondoka.

“Mto nilimletea,” alisema. “Ni mimi niliyemletea ule mto.”

“Unakumbuka ulipouliza hilo swali?”

“Sasa nakumbuka.” Aliongea kwa taabu. “Ilikuwa siku ileile alipotoka hospitali. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikaiona chupa ya zile dawa za maumivu imeandikwa onyo jekundu. Mimi kazi yangu ni maonyo, afande, siwezi kuona jekundu nikapita. Nikauliza hiyo laptopu, vikizidi inakuwaje. Nikasoma. Nikaona ile habari ya dawa ya usingizi. Nikasema moyoni, hii lazima nimwambie Kitinda, mama ana zile za zamani kabatini.”

“Ukafanyaje?”

“Mama akaniita nimwinue. Mto ulikuwa mbaya, unamwangusha upande. Nikawa nahangaika na mto. Nikatafuta mto mwingine. Nikaondoka nikiufikiria mto.” Alijifunika uso kwa mikono yenye grisi. “Sikukumbuka tena, wallahi sikukumbuka. Na nilipoona lile swali nikasema, ona, kumbe alikuwa anapanga. Kumbe alivyosema amechoka… Nilikuwa na hasira, afande. Nilimkosa mama, nikataka awepo mtu aliyemchukua.”

Tochi aliiokota ile taa ya kichwani. Wakati mwingine askari humwonea huruma yule aliyemfuata kwa lawama, na alikuwa hajui aiweke wapi huruma hiyo.

“Nifunge mimi,” Kaka Mkubwa alisema. “Mtoe yeye, unifunge mimi.”

“Hakuna kifungu cha kusahau.”

“Basi nifanyeje?”

“Njoo kituoni umchukue mdogo wako. Mengine mtayajua wenyewe.”

Mwendesha mashtaka alisikiliza simu ya Tochi mpaka mwisho, akauliza habari za zile sifuri mara mbili, akataka aongee na Waya, kisha akasema binti aachiwe. Kifo kitaandikwa cha bahati mbaya. Mkuu wa kituo aliguna, akasaini. Waya alichukua ripoti yake ya aya moja na kuomba aiandike upya, ndefu kadiri afande atakavyo.

Kitinda alitolewa mahabusu akiwa na viatu mkononi. Walimrudishia mkanda wake na simu yake iliyokwisha chaji, akavipokea kwa adabu ya mtu asiyeamini. Tochi alimketisha kwenye benchi la korido, akamweleza yote pole kwa pole: kwamba lile swali halikuwa lake, kwamba lilihamia kwenye kivinjari chake kutoka kingine, kwamba mashtaka yameondolewa. Kitinda aliitikia kila sentensi kwa kichwa.

“Kwa hiyo mama aliuawa na nini?” aliuliza mwishowe.

Tochi angeweza kusema ni umri, ni ugonjwa, ni siku zake zimefika. Wengi husema hivyo na hakuna anayewalaumu. Lakini ripoti ya daktari ingesomwa mbele ya familia, na bora alisikie mapema kwa mtu aliyekaa naye kwenye benchi.

“Ni zile dawa mbili kukutana. Moja ya hospitali, moja ya kabatini. Hukujua.”

Kitinda aliviweka viatu chini, kimoja baada ya kingine, akavipanga sawa.

“Nilimpa mimi.”

“Ulimpa alichokuomba. Hukujua, mwanangu.”

“Hakuna aliyejua?”

Kaka Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa korido kwa muda, bado na mavazi ya kazi, hathubutu kusogea. Tochi alimwona, na akajua kwamba hili si swali la polisi kulijibu. Aliinuka akampisha.

“Nilijua mimi,” alisema Kaka Mkubwa.

Alisema akiwa amesimama, kwa sababu hakuitwa akae. Alieleza habari ya chupa, ya laptopu, ya ukurasa. Hakujitetea kwa mto. Alipofika hapo alisema tu kwamba alisahau. Alisema yeye ndiye aliyeuliza lile swali na yeye ndiye aliyelipeleka polisi, na kwamba hana uso wa kuomba msamaha lakini anauomba. Kitinda alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Hakupandisha sauti. Alikuwa anajaribu kukumbuka kitu, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayetafuta mahali alipoacha funguo.

“Ni siku ile mama alipotoka hospitali?” aliuliza. “Uliyokuja na laptopu?”

“Siku hiyo.”

“Lakini siku hiyo nilikuwepo, Kaka. Nilikuwa jikoni.” Alimtazama, na sasa sauti ndiyo ilimvunjika. “Nilikuwa hapohapo jikoni. Si ungeniita tu.”

Kaka Mkubwa alipiga magoti mbele ya benchi, akakichukua kiatu kimoja na kujaribu kumvisha mdogo wake, lakini vidole vyake vya grisi viliteleza na kiatu kilikataa kuingia.